John Akii-Bua, Mkimbiaji wa Leni ya Kwanza



Jumapili ya vijana, mwezi uliopita, mama mmoja wa kanisa letu alikuja madhabahuni na mwanawe wa miaka kumi na saba. Kijana alikuwa ameshika viatu vya kukimbilia, vipya kabisa, bado vina karatasi ndani. Vilinunuliwa na pesa ya bonasi ya chai. Mama alitaka viombewe, na kijana pia, kabla hajaenda kambi ya mazoezi. Mchungaji alikuwa safarini, kwa hivyo kazi ikanijia mimi. Nikaomba. Niliomba ashinde, na kanisa likaitikia amina kwa nguvu. Usiku nikiwa nyumbani ndipo nikajiuliza: na akishinda? Juu ya siku inayofuata ile ya kushinda sikuwa nimeomba hata neno moja.

Kwa hivyo juma hili nimeomba nafasi katika kurasa hizi niwaletee maisha ya mtu mmoja aliyeshinda. Hakuwa Mkenya, ingawa Kenya inaingia katika habari zake mahali pabaya, na mtaona. Wazee waliokuwa na redio mwaka 1972 wanalikumbuka jina lake. Vijana wengi hawalijui. Anaitwa John Akii-Bua, wa Uganda.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mkubwa wakati wa serikali ya mkoloni, mwenye wake wanane na watoto 43. Msidhani mpiga chapa amekosea, ni arobaini na watatu. Katika boma la namna hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba chakula hakimngoji mtu, na pia kwamba hakuna atakayemtazama yeye peke yake. Mbio zilikuwa katika ukoo. Ndugu yake mmoja kwa upande wa baba, Lawrence Ogwang, aliwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 kwenye mchezo wa kuruka. Basi huyu mdogo alikuwa na mfano nyumbani.

Baba akafa John akiwa bado mdogo. Ninyi mnajua mambo yanavyokuwa. Nyumba ya chifu bila chifu ni nyumba kama nyingine, na mgawo wa vitu ukigawanywa kwa watoto 43 haubaki mwingi. Masomo yakaishia njiani. Akiwa kijana wa umri wa wale tunaowafundisha darasa la ubatizo, akajiunga na polisi ya Uganda.

Hapa niseme kidogo, maana huku kwetu Kericho na Bomet tunaielewa njia hii. Wilson Kiprugut, mtu wa Kericho hapa hapa, aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki pale Tokyo mwaka 1964, alikuwa mwanajeshi. Siku hizo kijana wa kijijini mwenye miguu myepesi hakuwa na kampuni ya viatu ya kumfuata shambani. Jeshi, polisi au magereza ndiyo yaliyompa kijana sare, mshahara, sahani ya chakula na uwanja wa kukimbilia. Uganda ilikuwa vivyo hivyo.

Huko polisi akakutana na afisa aliyeitwa Jerom Ochana, bingwa wa mbio za kuruka viunzi. Ochana ndiye aliyemtengeneza mwanzo, na dawa yake ilikuwa kali. Anayeruka viunzi akijirusha juu sana anapoteza muda hewani, maana mtu aliye hewani hasongi mbele kwa nguvu. Inatakiwa apite chini chini, karibu aguse. Sasa, kijana mrefu mwenye nguvu nyingi utamfundishaje hilo? Ochana alichukua ile fimbo ya mchezo wa kuruka juu, akaiweka juu ya kiunzi, futi chache tu. Ukiruka juu kupita kiasi, fimbo inakungoja na kipaji chako. Akii-Bua alitoka damu magotini na kwenye vifundo vya miguu, na kovu la kipaji alibaki nalo hadi utu uzima. Lakini akajifunza kupita chini.

Mwaka 1968 akaja kocha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, kijana bado, kuifundisha timu ya taifa ya Uganda. Akii-Bua wakati huo alikuwa anashindana mita 110 kuruka viunzi. Arnold akamtazama, akaona miguu ile inafaa mbio ndefu zaidi, akamhamishia mita 400.

Kwa wale wasioijua mbio hiyo: ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja, na njiani kuna viunzi kumi. Kila kimoja kina urefu wa sentimita 91. Ukitaka kuona kimo hicho, simama kando ya shamba la chai lililokatwa vizuri, tazama pale mchunaji anapopitisha mikono, hapo kiunoni. Sasa fikiria kukimbia kwa nguvu zako zote, na kila baada ya mita 35 unaruka safu moja ya chai, mara kumi, na pumzi iliisha tangu safu ya sita. Wanariadha wenyewe hukiri kwamba ni katika mbio ngumu kuliko zote. Mita mia ya mwisho miguu inakuwa kama ya mtu mwingine, na viunzi bado viko pale, havijashuka hata kidogo.

Arnold na mwanafunzi wake walifanya mazoezi ambayo leo vijana wetu wangeyakimbia, na sisemi kukimbia kwa uwanjani. Alivaa fulana nzito yenye zaidi ya kilo kumi, akaruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kimo cha mashindano, kwa umbali uliozidi ule wa mbio yenyewe. Akirudi kwenye kimo cha kawaida, bila ule mzigo, kiunzi kikawa kama kimezama ardhini.

Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza wa nne. Mbele yake, nafasi ya pili, alikuwepo William Koskei. Jina hilo mnalitambua lilikotoka. Mwaka huo Koskei alikimbia kwa bendera ya Uganda, na baadaye akakimbia kwa ya Kenya. Wa nne hapewi kitu. Akarudi Kampala, akavaa tena ile fulana. Mwaka 1971, katika mashindano kati ya Afrika na Marekani huko Durham, Carolina Kaskazini, aliwashinda Wamarekani kwao kwa sekunde 49.0. Hapo ndipo watu wa riadha walipoanza kuuliza huyu polisi ametoka wapi.

Lakini kabla ya Durham kulikuwa kumetokea jambo lingine nyumbani. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, na Akii-Bua ni Mlango. Katika miezi iliyofuata askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa ndani ya kambi zao wenyewe, na wenzao waliovaa sare kama yao. Nawaomba mliweke hilo akilini tunapoendelea kwenye uwanja wa Munich. Huyu kijana alikuwa anaamka alfajiri kuruka viunzi, amevaa sare ya serikali, katika nchi ambayo jina la kabila lake lilikuwa limegeuka kuwa hatari. Kila tukisoma juu ya mwanariadha mkubwa tunahesabu kilomita zake za mazoezi. Uzito wa namna hiyo nani aliuhesabu?

Munich, Ujerumani Magharibi, Jumamosi tarehe 2 Septemba 1972. Fainali. Akii-Bua alipangiwa leni ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Hakuna mrukaji wa viunzi anayeitaka. Kona yake ni kali kuliko zote, mwili unavutwa nje wakati mguu unatafuta kiunzi, na mtu mrefu kama yeye ndiye anayeteseka zaidi. Pia wenzako wote wanaanzia mbele yako kwa sababu ya kupangwa hatua kwa hatua, kwa hivyo unawaona migongo tu. Mmoja wao alikuwa David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki ya Mexico 1968 na mwenye rekodi ya dunia, sekunde 48.12. Mwingine alikuwa Ralph Mann wa Marekani. Viatu vya Akii-Bua vilikuwa vya miaka miwili, na msumari mmoja haukuwepo.

Hemery alitoka kwa kasi ya ajabu, kasi kuliko hata ile ya Mexico. Akii-Bua hakuhangaika naye. Alipita kiunzi baada ya kiunzi, chini chini, kama Ochana alivyomfundisha kwa damu. Walipotoka kona ya mwisho Hemery alikuwa anachoka, na yule wa leni ya kwanza alikuwa bado anaongeza. Akapita. Alipovuka mstari saa ilionyesha 47.82. Hakuna mwanadamu aliyekuwa ameshakimbia mbio hiyo chini ya sekunde 48. Mann alimaliza kwa 48.51, Hemery 48.52. Wale wawili walitenganishwa na mia moja ya sekunde, nao wote waliachwa kwa zaidi ya nusu sekunde. Kwa mbio ya mzunguko mmoja hiyo ni nafasi ya kuegesha trekta la majani.

Halafu akaendelea kukimbia. Wengine wameanguka chini wakitafuta hewa, yeye anazunguka uwanja, anacheka, anaruka viunzi vilivyobaki vimesimama, na viunzi vingine ambavyo havikuwepo isipokuwa kwake. Watu uwanjani wakasimama kumshangilia. Kuna wanaosema kwamba ile desturi ya mshindi kuzunguka uwanja kwa furaha, ambayo leo tunaiona kila mashindano, ilipata nguvu siku ile. Mimi ninaloliona ni hili: alikuwa na miaka 22, na kwa dakika chache hakuna aliyemuuliza yeye ni wa kabila gani.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Uganda. Siku mbili baadaye, katika uwanja uleule, Kipchoge Keino wetu alichukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Lilikuwa juma zuri kwa Afrika Mashariki. Alfajiri ya tarehe 5 watu wenye silaha wakavamia makao ya wanamichezo wa Israeli, na watu 11 wa msafara huo wakapoteza maisha, na furaha ya Munich ikaishia hapo.

Akarudi nyumbani shujaa. Amin akampandisha cheo katika polisi. Akampa nyumba. Barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake, na hadi leo iko, Akii-Bua Road. Mtu angesema kijana wa Abako amefika.

Nilisomea biashara chuoni kabla ya kuitwa kwenye kazi hii, na kuna jambo moja la sokoni linalonisaidia kuelewa miaka iliyofuata. Mwenye duka lisilo na bidhaa huweka kibao kizuri sana nje. Rangi mpya, picha ya soda baridi, picha ya mkate. Anayepita barabarani haoni rafu tupu, anaona kibao. Amin alikuwa na duka la namna hiyo. Dunia ilipouliza mbona Walango wanakufa, mbona watu wanapotea, alikuwa na jibu: mtazameni Akii-Bua. Si Mlango? Si anaishi vizuri? Si nimempa nyumba? Ushindi wa mtu huyu ukafanywa ushahidi wa kuficha damu ya watu wake mwenyewe. Kila alipopigiwa makofi, makofi yalimfaa yule mwingine pia.

Naye angefanya nini? Hapa najua wapendwa wengine watakuwa wepesi kuhukumu. Angekataa nyumba. Angebaki Ujerumani. Angesema wazi. Tulio huku Kenya, tunaokunywa chai kwa amani, ni rahisi kwetu. Mimi nimesoma sura ya 18 ya Wafalme wa Kwanza mara nyingi juma hili, habari za Obadia aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu. Kila siku alimtumikia mfalme mwovu, na kila siku aliogopa kuuawa naye. Biblia haimlaumu. Lakini pia haituambii kwamba alilala usingizi mzuri. Akii-Bua alikuwa na mke, alikuwa na watoto, alikuwa na ukoo mkubwa kule Lango uliokuwa mikononi mwa serikali ileile. Mtu wa namna hiyo akipewa nyumba na Amin, nyumba hiyo ni zawadi, na ni kamba pia.

Riadha yake iliendelea kwa kiasi. Januari 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika kule Lagos. Aliingoja Olimpiki ya Montreal ya 1976, atetee taji lake. Lakini wapi! Nchi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na New Zealand haikufukuzwa. Uganda haikushiriki, Kenya pia haikushiriki. Mmarekani aitwaye Edwin Moses akashinda ile mbio kwa 47.64, na rekodi ya Akii-Bua ikavunjwa yeye akiwa mbali, hayuko hata kwenye leni. Siwezi kusema kususia kule kulikuwa kosa. Ubaguzi ulistahili kususiwa. Nasema tu kwamba gharama ya haki hulipwa na watu fulani wenye majina, na yeye alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1977 mambo ya Uganda yaligusa kanisa moja kwa moja. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Oryema huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi ya Uganda wakati Akii-Bua alipokuwa askari kijana. Yaani yule aliyekuwa juu kabisa katika kazi yake aliuawa, na hakuna cheo kilichomwokoa. Septemba mwaka uleule Amin akapiga marufuku madhehebu na vikundi 27 vya Kikristo. Walioruhusiwa ni Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi, pamoja na Waislamu. Wapentekoste tulikuwa katika marufuku. Ndugu zetu wa Uganda waliabudu majumbani kwa siri, wakiimba kwa sauti ya chini, na hiyo kwa Mpentekoste, mnajua wenyewe, ni mateso ya peke yake. Nayataja haya ili yule anayejiuliza kwa nini shujaa wa Olimpiki hakufungua mdomo ajue ilikuwa nchi gani.

Mwaka 1978, Michezo ya Afrika kule Algiers, alipata fedha. Dhahabu ilichukuliwa na Daniel Kimaiyo wa Kenya. Miguu ilikuwa inazeeka, na mazoezi ya mtu mwenye hofu si mazoezi.

Kisha vita. Jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ungedhani Mlango angefurahi kuliko wote. Lakini fikiria hali yake. Kwa watu wa Amin waliokuwa wanakimbia, yeye ni Mlango, ndugu wa Obote. Kwa waliokuwa wanaingia, yeye ni yule polisi aliyepewa cheo na nyumba na Amin, yule ambaye jina lake liko kwenye barabara. Kile kibao alichotundikwa miaka saba sasa kilikuwa kinamshuhudia vibaya. Nani angesimama barabarani na bunduki amsikilize akieleza? Wakati utawala ule unaporomoka alichukua familia yake, akavuka kuingia Kenya.

Na Kenya, wapendwa, ilimweka katika kambi ya wakimbizi.

Nimekaa na sentensi hiyo siku kadhaa. Bingwa wa Olimpiki, mtu aliyesimamisha uwanja mzima wa Munich, amekaa na mkewe na watoto katika nchi yetu kama mtu asiye na jina. Huenda waliomwandikisha hawakumjua. Huenda walimjua na haikuwa na maana yoyote, maana foleni ni foleni. Sisemi kwamba alistahili kutendewa vizuri kuliko mkimbizi mwingine. Mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, ambaye hakuwahi kuruka hata kiunzi kimoja, alistahili blanketi sawa na yeye. Ila najua sisi tulivyo. Angekuja mwaka 1972 na medali shingoni tungempokea na ngoma, na wachungaji tungegombea kumweka kiti cha mbele. Mimi nikiwa mmoja wao.

Waliomtoa kambini walikuwa kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alikuwa amevikimbilia. Wakampa kazi Ujerumani, akaishi huko na familia kwa miaka mitatu, minne hivi. Ujerumani ileile. Aliwahi kufika pale akashangiliwa na dunia, sasa amefika kama mtu wa kuhifadhiwa. Nawashukuru wenye kampuni ile. Tumezoea kuwasema watu wa biashara vibaya katika kurasa hizi, na mara nyingi wanastahili, lakini siku ile mkono uliofunguka ulikuwa wao.

Alikimbia Olimpiki mara nyingine, Moscow 1980, kwa bendera ya Uganda. Alikuwa na miaka 30. Hakufika fainali. Sijui kama kuna kushindwa kwenye heshima kuliko huko, kuivalia tena jezi nchi iliyokutoa kwako, ukiwa umetoka kambini mwaka uliotangulia, miguu haina tena ile kasi, na watu wanakulinganisha na kijana wa 1972.

Baadaye akarudi nyumbani. Hili ndilo linalonigusa zaidi katika maisha yake, na halina picha, halina saa, halina rekodi. Uganda ya miaka hiyo haikuwa imetulia. Angeweza kukaa Ulaya. Akarudi polisi, akawa kocha. Yule aliyekuwa mwanafunzi wa Ochana akachukua kazi ya Ochana, kusimama pembeni ya uwanja na kuwafundisha vijana wenye sare kupita chini ya ile fimbo. Malcolm Arnold, yule kocha wake, alikuwa amerudi Uingereza na kuendelea kufundisha mabingwa wengine wakubwa, Colin Jackson mmojawapo, akiwa na viwanja na vifaa. Akii-Bua alifundisha kwa alichokuwa nacho. Hakutoa bingwa wa Olimpiki. Nadhani wengi wa wale aliowafundisha walistaafu wakiwa polisi wa kawaida tu, na katika nchi iliyozoea kuona sare ikileta kifo, polisi waliofundishwa kuamka alfajiri na kuvumilia si kitu kidogo.

Mke wake alifariki kabla yake. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu, akaacha watoto kumi na mmoja. Serikali ikampa mazishi ya kitaifa. Serikali hupenda mazishi. Kule Lira, mji mkubwa wa Lango, uwanja wa michezo unaitwa Akii-Bua.

Uganda ilingoja dhahabu nyingine ya Olimpiki kwa miaka 40. Tarehe 12 Agosti 2012, London, siku ya marathon, sisi huku tulikuwa tumeketi mbele ya televisheni tukihesabu dhahabu yetu mapema, maana Abel Kirui na Wilson Kipsang walikuwa mbele. Wengi wenu mnakumbuka. Kijana wa Kapchorwa, Stephen Kiprotich, mtu wa Sebei ambaye lugha yake na yetu ni mama mmoja, naye ni afisa wa magereza, akawapita wote wawili karibu na mwisho. Mzee mmoja niliyekuwa nimeketi naye alinyamaza kidogo, kisha akataja jina la Akii-Bua, na vijana waliokuwa chumbani wakageuka kuuliza huyo ni nani. Mimi nilikuwa mmoja wa walioulizwa kunyamaza ili aeleze.

Ile 47.82 ya leni ya kwanza bado ndiyo rekodi ya Uganda.